Mstari Ulioachwa Wazi

Mwezi wa kwanza wa mvua, tarehe 2

Mvua imeanza leo, na haikuja peke yake. Mkokoteni wa ng'ombe uliobeba mashine ya kuchapa umekwama kwenye tope mbele ya mlango wangu, na mtaa mzima ukatoka kusukuma. Mimi nilisimama kizingitini nikitoa ushauri, kazi ninayoiweza kuliko zote. "Kushoto kidogo! Siyo huko, kushoto!" Mwenye mashine, mwanamke wa rika langu, mikono myeusi kwa wino hadi viwikoni, akanigeukia.

"Bwana, hekima yako tumeisikia. Bega lako liko wapi?"

Watu wakacheka. Nikashuka, nikasukuma.

Basi na iandikwe kwamba mimi, mnakili wa vitabu kwa mkono, wa tatu katika ukoo wetu kushika kalamu hii, nimeisukuma kwa bega langu mwenyewe mashine iliyokuja kunipokonya tonge. Kiatu kimoja kimebaki topeni.

Tarehe 3

Mvua. Kiatu hakijaonekana.

Tarehe 7, siku ya ibada

Tumekaa mahali petu pa siku zote, benchi la nyuma, mimi na Shangazi. Shangazi ndiye aliyenilea. Homa ilimziba masikio angali msichana, kwa hiyo husoma midomo ya watu, na midomo ikimshinda mimi humwandikia kwenye kibao kwa chaki. Matangazo yote ya nyumba ya ibada humfikia kupitia mkono wangu. Maombi hayamfikii. Msomaji anasimama mbele na Kitabu, kitabu kimoja tu kilichomo mle ndani, anasoma mstari, sisi tunaurudia. Chaki haiwezi mbio hizo. Na midomo nayo haionekani, maana wakati wa kuomba kila mtu ameinamisha kichwa.

"Leo wameomba nini?" akaniuliza tulipotoka, kwa sauti yake ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto.

Nikaandika: *Yale yale.*

"Yale yale yapi? Hujawahi kuniambia!" Kisha akaniita jina langu la utotoni mbele ya watu. Jina hilo sitaliandika hapa. Mtu wa umri wangu, mwenye kitambi, anastahili siri moja.

Tarehe 9

Mwenye Mashine amekuja kubisha hodi. Nilijiandaa kuwa mkali. Nilivaa hadi miwani.

"Nataka kuchapa Kitabu cha Maombi," akasema. "Nakala mia tatu. Nahitaji mtu wa kuniandikia nakala safi ya kupangia herufi. Nimezunguka mji mzima nikitazama miandiko. Wa kwako ndio peke yake ambao mtu anausoma bila kukunja uso."

Nikamwambia kitabu hakichapwi, kitabu kinaandikwa. Nikamwambia kalamu ina roho, mashine ina grisi. Nikamwambia mengi, mengine sikuyaelewa mwenyewe.

Akanisikiliza hadi mwisho. "Hii herufi yako ya kwanza ya ukurasa," akasema, "hii yenye mkia. Ulijifunza kwa nani?"

Nitaanza kuandika kesho asubuhi. Kichwa kimenivimba hadi mto haunitoshi.

Tarehe 14, siku ya ibada

Mvua, Msomaji, yale yale. Mtaro wa soko umefurika tena, na wauza mboga wamepandisha bidhaa zao juu ya meza. Bwana Kinu ameahidi tena kwamba baraza litaushughulikia.

Bwana Kinu ni mwenye kinu cha kusagia nafaka, na tena ni mwenyekiti wa baraza la mji, kama baba yake na babu yake. Hukaa benchi la mbele. Katika ombi la saba, baada ya kuombea wagonjwa na wasafiri, Msomaji husema, nasi tunarudia: "Na ukoo wa Kinu, neno lao lisimame." Nani atasimama barazani kumpinga mtu aliyetoka kumwombea asubuhi?

Sisi wanakili tunajua mstari ule umetoka wapi. Ni desturi ya kazi yetu kwamba katika ombi la saba mnakili huacha mstari mmoja wazi, na mwenye kitabu huujaza mwenyewe, amtaje anayetaka aombewe. Matajiri wachache wenye vitabu majumbani wana mistari yao. Kitabu cha nyumba ya ibada kilitolewa na babu yake Bwana Kinu, naye akaujaza mstari wake. Alikuwa na haki. Ila kitabu chake ndicho kikawa kinywa cha mji mzima. Hatusemi. Si kwa woga, sidhani. Ni kama ufa wa ukuta wa chumbani kwako, unalala nao miaka hata hujui kama upo.

Tarehe 16

Nimemaliza nakala, nimeipeleka kwenye kiwanda cha chapa. Chumba kimoja, dari linavuja, ndoo tatu chini. Mchapaji (nimeanza kumwita hivyo, ana kazi yake kama mimi nilivyo na yangu) anaokota herufi za madini ya risasi moja moja kutoka kwenye visanduku, anazipanga kinyumenyume kwenye fremu, vidole vinakimbia kama vya mtu anayechambua mchele.

"Umeikagua?" akauliza.

"Mama, kalamu hii haijakosea tangu nilipoota ndevu."

"Vizuri. Maana mimi napanga ninachokiona, sirekebishi kazi ya fundi."

Akanipa kitambaa nifute herufi. Nimefuta hadi jioni. Sijui kwa nini.

Tarehe 17

Nimeenda tena kufuta herufi. Shangazi amenitazama nikitoka, akatabasamu, hakusema kitu. Jambo la ajabu kwake.

Tarehe 22

Leo nimemletea Shangazi kitabu chake.

Shangazi anajua kusoma kuliko Msomaji, ila katika nyumba yetu kitabu cha maombi kilichokamilika hakijawahi kulala usiku mzima. Mnakili huuza kabla wino haujakauka. Nikamwekea mezani, kikiwa bado kinanuka mafuta ya mashine. Akafuta mikono kwenye khanga, akafungua ukurasa wa kwanza. Akasoma ombi la kwanza kwa sauti, lote. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Kumbe tunaomba mvua. Mimi miaka yote nilidhani mnaomba jua."

Amekisoma hadi taa ikahitaji mafuta. Amelala nacho chini ya mto.

Tarehe 24

Balaa.

Asubuhi Shangazi ameninyooshea kitabu, kidole juu ya ombi la saba. "Hapa pana nini?"

Hapana kitu. Pana mstari mtupu, mweupe kama jicho la samaki aliyepikwa.

Nikakimbia kiwandani bila mwavuli. Mchapaji alikuwa anashona nakala za mwisho. Nikafungua moja, nikafungua ya pili, nikafungua kumi. Zote. Mkono wangu, kwa mazoea, umeacha mstari wa mwenye kitabu, naye akapanga alichokiona.

"Niliuona," akasema. "Nikadhani ndivyo kilivyo. Si ulisema kalamu yako haijakosea?"

"Mama, ungeniuliza!"

"Nikuulize mtu aliyevaa miwani kwa ajili ya kunikaripia?"

Nikakaa juu ya ndoo iliyojaa maji ya dari. Sikujua kama imejaa. Yeye akacheka hadi akashika meza, na mimi, nikiwa nimelowa hadi nisipopataja, nikacheka pia. Lakini vitabu zaidi ya mia vimeshatoka, viko mikononi mwa watu.

Tarehe 28, siku ya ibada

Limeripuka. Watu wamekuja na vitabu vyao, wakafuata kwa kidole. Msomaji alipofika ombi la saba na kusema "Na ukoo wa Kinu", nyumba haikurudia. Watu walikuwa wanatafuta. Nilisikia kurasa zikigeuzwa, na muuza mboga akamnong'oneza mwenzake, mnong'ono wa watu wazima, ule wa kusikika mtaa wa pili: "Mbona kwangu hakuna?"

"Hata kwangu."

"Labda mstari wenu wameuficha."

Bwana Kinu hakugeuka nyuma. Ila shingo yake niliiona, ilikuwa nyekundu kama tofali.

Tarehe 30

Wazee wa nyumba ya ibada wameniita. Nikawaeleza desturi ya mstari. Msomaji, mtu mpole ambaye nimenywa naye chai miaka mingi, aliinamisha macho. Yeye pia alikuwa anajua. Lakini mzee mmoja akasema kitabu kilichokatwa maneno ni kitabu kilichonajisiwa, na kwamba watakata shauri siku ya ibada ya tarehe 12: ama vitabu vya mashine vikubaliwe, ama vikusanywe vyote virudishwe kiwandani vikawe karatasi za kufungia sukari, na mashine ihame mji.

Nimerudi nyumbani. Shangazi alikuwa dirishani na kitabu chake, midomo inacheza. Sikumwandikia kitu. Nitamwandikia kesho.

Mwezi wa pili wa mvua, tarehe 1

Sikumwandikia.

Tarehe 3

Nilitarajia watu waje kunitukana. Wamekuja kupanga foleni.

Habari ya desturi imetoka, sijui kwa mdomo wa nani (ni wangu, nilimweleza kinyozi). Sasa kila mwenye kitabu anataka mstari wake ujazwe, na aandikiwe kwa mkono, si kwa penseli ya mtoto wake. Nimeandika mchana kutwa. Mimi niliyedhani mashine itaninyima kazi!

Fundi cherehani anataka waombewe wote waliofungwa kwa kodi ya soko. Mama mmoja anataka jirani yake, ambaye hawajasalimiana tangu mwaka jana. "Mwandike yeye. Mimi niko sawa, yeye ndiye mwenye shida ya roho." Mwenye mkokoteni anataka ng'ombe wake. Nikamwuliza kama ana hakika. "Bwana Mnakili, kati ya mimi na ng'ombe, nani alivuta mashine?"

Nimeandika ng'ombe.

Shangazi amekataa nimwandikie wake. Amejiandikia mwenyewe, akafunika kwa mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

Tarehe 5, siku ya ibada

Mvua kubwa. Watu wachache. Ombi la saba limepita kwa kikohozi.

Tarehe 8

Mchapaji ameanza kufungasha visanduku vya herufi. "Huu si mji wa kwanza kunifukuza," akasema, "ila huu ndio wa kwanza ninaosikitika kuuacha." Nilikuwa na jibu zuri sana. Limenijia nilipofika nyumbani.

Tarehe 12, siku ya ibada

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Nyumba ilijaa hadi milangoni. Maji yalikuwa yakipiga mabati, na Msomaji alilazimika kupaza sauti. Mchapaji alisimama nyuma karibu na mlango, kama mtu aliyekwisha kuaga. Mzee mkubwa akasimama na kusoma uamuzi: vitabu vya mashine visifunguliwe ndani ya nyumba hii, leo wala siku nyingine. Baada ya ibada kila mtu akiache cha kwake mlangoni.

Shangazi akanigeukia. Midomo ya mzee ilikuwa mbali, na ndevu zake ni nyingi. Akanisogezea kibao, kama anavyofanya siku zote. "Wametangaza nini?"

Chaki nilikuwa nayo mkononi.

Maisha yangu yote nimenakili nilichopewa. Sijaongeza, sijapunguza. Nimenakili hati za mirathi zilizowaacha wajane bila paa, na mwandiko ukasifiwa. Nilikitazama kibao, nikamtazama Shangazi, kitabu kikiwa mapajani mwake, kidole tayari katikati ya kurasa. Nikaweka chaki mfukoni.

Nikatikisa kichwa: hakuna la maana.

Msomaji akaanza. Na Shangazi, ambaye hakusikia katazo, akafungua kitabu chake akaanza kusoma pamoja naye.

Sasa, Shangazi hajui kunong'ona. Hajui hata kusema. Yeye huita tu. Sauti yake ilipanda juu ya mvua, juu ya Msomaji, juu ya kila kitu. Watu wakageuka. Mzee mkubwa akasema, "Mama, funga kitabu!" Akasema tena. Akaja hadi katikati ya nyumba akipunga mikono, lakini Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa, na mtu aliyeinama haoni mikono. Utamnyamazishaje? Umwandikie barua?

"Mwambie shangazi yako anyamaze!" akanikaripia mimi.

"Mzee," nikasema, na sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya mbu, "ndiyo kwanza ameanza."

Nyuma yangu nikasikia ukurasa ukigeuzwa. Sikutazama, lakini nadhani ni muuza mboga. Kisha mwingine. Kisha kurasa zikawa nyingi kama mabawa ya njiwa wanaoruka kwa pamoja.

Tukafika ombi la saba. Wagonjwa, wasafiri. Msomaji akasema, "Na ukoo wa Kinu", na nyumba nzima ikasema jambo lake. Fundi alisema wafungwa. Mama yule alisema jirani yake, na jirani, aliyekaa benchi la mbele yake, akageuka mdomo wazi. Mwenye mkokoteni alimtaja ng'ombe bila aibu. Kelele ile siwezi kuiandika. Ilikuwa kama mabati yananyeshewa kutoka ndani. Na juu ya wote, wa mwisho kumaliza kwa sababu hakujua wengine wamemaliza, katika ukimya kamili, Shangazi:

"NA KIFARANGA WANGU, APATE MTU KABLA SIJAFA!"

Nyumba ya ibada haijawahi kucheka hivyo tangu ijengwe. Hata Msomaji alijificha nyuma ya Kitabu, mabega yakitikisika. Niligeuka kutafuta mlango, na mlangoni alikuwa amesimama Mchapaji, akijifuta machozi kwa mkono wenye wino, uso wote mistari myeusi.

Hakuna aliyeacha kitabu mlangoni. Mzee mkubwa alisimama pale na kikapu kitupu hadi mvua ikamchosha.

Tarehe 13

Muuza maziwa amenisalimia: "Habari za asubuhi, Mzee Kifaranga." Kinyozi pia. Watoto wa shule pia, kwa wimbo.

Tarehe 15

Bwana Kinu amekuja kwangu, mwenyewe, kwenye mvua, na kifurushi kilichofungwa kwa gunia la unga. Nilidhani ni amri ya kunihamisha. Akafungua. Ni kitabu cha mashine.

"Niandikie mstari," akasema.

"Ukoo wa Kinu?"

Akakaa bila kukaribishwa. Kwa karibu ni mtu mdogo kuliko anavyoonekana benchi la mbele. "Unajua ilivyo kazi kukaa pale, kila wiki, ukisikia watu wanakuombea kwa meno yaliyofungwa? Babu aliandika. Baba akafurahia. Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza ningependa kumwombea nani."

"Haya, nakuuliza, Bwana."

Akavua kofia iliyokuwa ikichuruzika maji. "Mke wangu. Miguu yake haimbebi tangu msimu uliopita. Sijamwambia mtu. Unajua, mtu wa Kinu hana mgonjwa."

Nikaandika kwa herufi yenye mkia, ile nzuri. Miaka yote hii nimemchukia mtu huyu kwa shingo yake tu, sikuwahi kumwona uso.

Alipofika mlangoni akasema, "Na huo mtaro, waambie waje barazani. Nimechoka kuahidi peke yangu."

Tarehe 18

Mchapaji amefungua visanduku. Amechapa tangazo la mkutano wa baraza, siku na saa na jambo litakalojadiliwa, likabandikwa kila kona. Zamani habari za baraza tulizisikia baraza likishakwisha. Leo watu walijaa hadi madirishani, na muuza mboga akasimama akasoma kutoka kwenye tangazo: "Imeandikwa hapa, mtaro. Basi tuongee mtaro." Wameongea hadi jioni. Wametukanana vizuri sana. Wiki ijayo wanaanza kuchimba, na mimi nimewekwa kwenye zamu, licha ya ushauri wangu kwamba nafaa zaidi kwenye ushauri.

Tarehe 19, siku ya ibada

Mzee mkubwa hakusema kitu kuhusu vitabu. Msomaji alifika ombi la saba, wagonjwa, wasafiri, kisha akanyamaza. Akakiacha Kitabu kimya kwa muda wa pumzi moja ndefu, na sisi tukaijaza.

Shangazi alikuwa ameweka kiganja kwenye benchi. Tulipotoka akasema, "Leo nimewasikia. Mbao zilikuwa zinatetemeka."

Tarehe 23

Mvua inapungua. Mstari wangu mimi ulikuwa bado wazi. Nimewaandikia watu wa mji mzima, wangu nikauzunguka kama paka anavyozunguka maziwa ya moto. Leo baada ya chakula nimepiga moyo konde, nikaandika. Mwandiko umetoka mbaya, lakini umetoka.

Tarehe 24

Mchapaji, jirani yangu (sasa namwita hivyo, ingawa kati yetu kuna mtaa mzima) amepita mchana. Vitabu mia tatu vimekwisha, na mji wa pili wanataka. Anachapa upya, na alihitaji nakala moja ya kukagulia kurasa.

"Niazime yako, basi."

"Chukua," nikasema, nikampa kutoka rafuni, nikiendelea kueleza jinsi ya kuchimba mtaro. Akakitia chini ya koti, akaaga, akaenda.

Alikuwa amekwisha kukata kona ndipo nikakumbuka nilichoandika jana kwenye ombi la saba. Ndiyo, sikukagua. Tena.

Nimekaa hapa na kalamu kwa sababu sina ujasiri wa kufanya kingine. Mvua imekatika kabisa, mara ya kwanza tangu ule mkokoteni ukwame. Shangazi yuko dirishani, anatazama nje, na sasa hivi ameniita, kwa sauti ya ng'ambo ya mto, mtaa mzima usikie:

"Kifaranga! Weka chai! Anarudi, kitabu kiko wazi mkononi, na anacheka!"